Je, picha yako ya kileleni ni nzuri, au umeipenda kwa sababu ya jasho lako?

NILIPOSHUKA kutoka Mlima Kilimanjaro nikiwa na picha 640 ndani ya kamera, niliamini kwa dhati kwamba kumi kati yake zilikuwa bora kuliko picha zote nilizowahi kupiga maishani. Wiki tatu baadaye, nikiwa nimeketi mjini Moshi pamoja na mzee aliyetuongoza kwa siku saba katika njia ya Machame, picha hizo ziliniponyoka moja baada ya nyingine, hadi zikabaki mbili.

Kilichotukutanisha ni ahadi. Siku ya mwisho ya safari, tulipofika kwenye lango la Mweka, nilimwahidi yeye na wapagazi wetu kwamba kila mmoja angepata picha iliyochapishwa kwenye karatasi. Mzee alitabasamu tu. Alisema wageni wengi huahidi hivyo hivyo, kisha huondoka na picha zao wasionekane tena. Yeye aliyefika kileleni mara nyingi kiasi cha kuacha kuhesabu, nyumbani kwake alikuwa na picha mbili tu za kazi yake, na mojawapo ilikuwa imeliwa na mchwa pembeni.

Kwa hiyo kuchagua hakukuwa mchezo wa kujifurahisha. Palikuwa na watu waliokuwa wakisubiri, na fedha za kuchapisha zilitosha picha chache. Nilitandaza zile kumi mezani kwa fahari, nikangoja kusifiwa.

Sikusifiwa. Nilichojifunza alasiri ile, pamoja na niliyoyasoma na kuyajaribu baadaye, ndicho ninachotaka kumweleza msomaji ambaye naye ana picha za mlimani anazozionea fahari.

Ugumu wa kuzihukumu picha za aina hii unatokana na jambo moja. Mpandaji hupenda zaidi picha iliyomgharimu zaidi. Picha iliyopigwa saa kumi na moja alfajiri, vidole vikiwa vimekufa ganzi na kichwa kikigonga kwa upungufu wa hewa, huwa na thamani kubwa moyoni mwake kuliko ile iliyopigwa kambini mchana akiwa na kikombe cha chai mkononi. Anapoitazama hurudi kwenye upepo ule, akasikia tena pumzi za wenzake gizani. Lakini upepo haumo ndani ya picha, wala pumzi hazimo. Mtu mwingine akiitazama anaona doa jeupe, doa jeusi na kofia ya mtu.

Jasho halichapishiki. Kila aliyewahi kumwonesha jirani picha zake za safari, kisha akamwona jirani huyo akipiga miayo, analijua hilo ingawa hapendi kulikiri.

Nianze na picha niliyoiweka ya kwanza mezani, ile ya Kilele cha Uhuru, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Nimesimama mbele ya kibao, mikono juu, bendera ya taifa kifuani. Mzee aliitazama kwa sekunde mbili, akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Nilidhani anatania. Nilipoangalia vizuri nikaona kwamba swali lake lilikuwa la haki. Uso wangu ulikuwa mweusi tii chini ya kofia, bila macho wala mdomo, na theluji ya nyuma ilikuwa ya kijivu kama majivu ya jikoni. Kwa wiki tatu nilikuwa nikijiona katika picha ile kwa sababu nilijua nilikuwepo.

Kosa hilo lina maelezo yake. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani. Kikikutana na theluji au barafu huona kwamba mwanga umezidi, nacho huupunguza. Theluji inakuwa ya kijivu, na kilicho cheusi zaidi ya theluji, pamoja na nyuso zetu sisi Waafrika, huzama gizani. Dawa yake ni kuiamuru kamera iongeze mwanga kwa hatua moja au mbili, au kupima mwanga usoni kwa mtu badala ya kwenye theluji. Katika simu inatosha kugusa uso kwenye kioo kabla ya kupiga.

Tuseme pia, ingawa ni pembeni ya mada, kwamba tatizo la nyuso nyeusi lina historia ndefu kuliko theluji ya Kibo. Kadi za kulinganishia rangi ambazo Kodak ilizisambaza katika maabara kuanzia miaka ya 1950 zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na kwa miongo kadhaa yeye ndiye aliyekuwa kipimo cha ngozi ya binadamu. Mpiga picha wa Kiafrika anayeona kwamba kamera haimtendei haki ndugu yake hajidanganyi.

Hata hivyo, uso kutoonekana peke yake si sababu ya kuitupa picha ya kileleni. Picha maarufu kuliko zote za aina hiyo ni ile ya Tenzing Norgay juu ya Everest, iliyopigwa na Edmund Hillary tarehe 29 Mei 1953. Uso wa Tenzing umefunikwa na miwani na kifaa cha kupumulia, wala hatuoni hata ncha ya pua yake. Lakini mguu mmoja umetangulia juu, mkono umeinua sururu yenye bendera zinazopepea, na nyuma yake hakuna kitu isipokuwa anga. Mwili mzima unasema kilichotokea, hata kwa mtoto asiyejua kusoma. Hillary mwenyewe hakupigwa picha kileleni siku ile.

Picha yangu ilimhitaji msomaji wa kibao. Bila maandishi yale ningeweza kuwa nimesimama popote penye theluji chafu. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachokipendekeza: funika kibao kwa kidole gumba, kisha jiulize kama picha bado ina neno la kusema. Picha nyingi za Uhuru hufa papo hapo. Zina thamani ya cheti, na cheti ni kitu kizuri, lakini pahali pake ni ndani ya faili.

Picha ya pili ilikuwa ya ukuta wa Barranco. Wasiofika huko wajue kwamba ni ukuta wa mawe wenye kimo cha takriban mita 250, unaopandwa asubuhi baada ya kulala katika kambi yenye jina hilo hilo. Pahali pachache mtu hulazimika kutumia mikono, lakini hakuna haja ya kamba, na wapagazi huupanda wakiwa na mizigo kichwani. Katika picha yangu ukuta ule ulisimama wima kama ubavu wa ghorofa, na rafiki yangu alionekana ananing'inia kama buibui.

Mzee alicheka hadi akavua miwani. "Kijana wangu, huu ukuta umeusimamisha wewe. Mimi naupita na mayai."

Alinionesha ushahidi. Pembeni mwa shanta ya mwenzangu kulikuwa na chupa ya plastiki iliyojaa maji nusu, na maji yale yalikuwa yamelala mshazari, upande mmoja juu na mwingine chini. Maji hayafanyi hivyo duniani. Nilikuwa nimeinamisha kamera bila kujua, au labda kwa kujua nusu nusu, nikaugeuza mteremko kuwa jabali.

Hila hiyo ni ya kale, na wanaozikagua picha za wapandaji wanazo njia za kuigundua. Kamba inayoning'inia huru ni timazi, sawa na ile ya fundi mwashi, kwa hiyo isipokuwa wima picha imeinamishwa. Mti husaidia, ingawa mti wa mlimani nao hupinda kwa upepo. Nywele ndefu, kamba za viatu, mkufu wa shingoni, na namna mtu anavyoelemea anaposimama, vyote husema ukweli. Chunguza vitu hivyo katika picha yako kabla hajavichunguza mwingine.

Wako watakaouliza, kuna ubaya gani? Ukuta unatisha kwa anayeupanda, basi na uonekane wa kutisha. Nami nilijitetea hivyo hivyo kwa muda. Lakini ukiunyoosha mshazari huo katika kompyuta utaona kama picha ina kitu kingine zaidi ya hila. Nilipoinyoosha yangu, kilichobaki ni mtu anayepanda ngazi za mawe akiwa amenipa mgongo.

Katika historia ya milima kuna picha iliyozua makubwa kuliko hayo. Mwaka 1906 Mmarekani Frederick Cook alidai kwamba amefika kilele cha Denali huko Alaska, mlima ambao pia huitwa McKinley, wenye kimo cha mita 6,190. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1908 aliweka picha ya mwenzake akiwa na bendera juu ya kilele cha mawe. Mwaka 1910 Herschel Parker na Belmore Browne walikwenda kukitafuta kilele hicho, wakakiona: kilima kidogo kisichofika hata mita 2,000, kiasi cha kilomita 30 kutoka kileleni. Kwa ufundi picha ile haikuwa na dosari. Ilipangwa vizuri, na mengi yaliyokuwa kando yake hayakuoneshwa. Kilele cha kweli hakikufikiwa hadi mwaka 1913.

Si kwamba kila anayeikata picha pembeni ni mwongo. Kukata ni sehemu ya kazi, na picha nyingi za milima huokolewa kwa kuondoa jiwe lisilo na maana au nusu ya mtu aliyepita. Ila inafaa kujiuliza kila mara ni kitu gani kimeondolewa na kwa nini. Mimi nilikuwa nimekata foleni ya watu zaidi ya ishirini ili rafiki yangu aonekane yuko peke yake ukutani. Foleni ile, nikiitazama leo, ndiyo iliyokuwa picha.

Kundi la tatu, picha nne kwa jumla, lilikuwa la mandhari. Mawenzi wakati wa macheo, bahari ya mawingu, barafu za kusini mwa Kibo. Zote zilikuwa na kasoro ya kawaida kuliko zote: mlima ulikuwa mdogo. Lenzi pana, ikiwemo ile ya kawaida ya simu, husogeza mbali kilicho mbali na kukikuza kilicho karibu, kwa hiyo kilele kilichojaza macho yako hutoka kama kichuguu nyuma ya uwanja wa kokoto. Jicho la mtu huchagua na kusahau vilivyo kando, lakini lenzi haina uwezo huo.

Ukubwa katika picha unahitaji mizani, na mizani bora ni binadamu. Mwitaliano Vittorio Sella, aliyefuatana na mwanamfalme Luigi Amedeo wa Abruzzi katika milima ya Ruwenzori mwaka 1906, alipiga picha ambazo hadi leo zinaheshimiwa na wapandaji. Alifanya kazi na bamba za vioo, mzigo mzito uliobebwa na watu, na kila bamba lilitoa picha moja tu. Mtu aliye katika hali hiyo hupima kwanza kabla ya kubonyeza. Mimi, nikiwa na nafasi ya maelfu ya picha, nilibonyeza kwanza nikaahirisha kupima hadi Moshi.

Katika zile nne, moja ilisalimika. Wapandaji watatu wanapita chini ya ukuta wa barafu karibu na kilele, wadogo kama punje za mtama, na kwa sababu yao barafu inaonekana ilivyo. Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Alipoanza kazi, alisema, barafu ile ilikuwa imesogea hadi karibu na njia. Watafiti waliopima walikuta kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro ilitoweka. Picha ile ina upungufu, kwani upande wa kushoto ni mtupu, lakini inaonesha kitu ambacho hakitakuwepo daima. Niliibakiza kwa sababu hiyo, na sidhani kama nilijipendelea.

Tatu nyingine zilianguka kwa pamoja, na kwa aibu kidogo. Zote zilikuwa za migongo. Mpiga picha ambaye huwa wa mwisho katika msafara hupiga shanta, visigino na, tusifiche, makalio ya wenzake. Kinachovutia kwa mtu anayepanda ni uso na mikono, na ili kuvipata ni lazima uwe mbele au juu yake. Wapandaji wa miamba wanaokwenda Hell's Gate karibu na Naivasha wanalijua hilo. Picha nzuri za huko hupigwa na mtu aliyetangulia na kujifunga kwa kamba yake mwenyewe, akimsubiri mpandaji amfikie. Na hapa nitoe onyo moja tu: anayeshika kamba ya usalama ya mwenzake asishike kamera. Hakuna picha inayostahili mkono huo mmoja.

Kilimanjaro haihitaji kamba, lakini kumtangulia mtu katika kimo cha mita 4,600 kwa ajili ya picha kunachosha, na mara mbili nilipojaribu nilijikuta nimeketi chini nikihema, kamera ikining'inia shingoni. Ndiyo maana picha za migongo ni nyingi. Tunazipiga kwa sababu hatuna nguvu ya kupiga nyingine, halafu tukifika nyumbani tunazipa jina la safari.

Wasomaji watataka kujua namna ya kufanya ukaguzi huu bila kuwa na mzee wa Moshi mezani. Ninayoyafanya sasa ni machache. Baada ya safari siziangalii picha kwa wiki tatu au zaidi, ili maumivu ya miguu yaishe na kumbukumbu ipoe. Kisha naziangalia zikiwa ndogo kama stempu, kwa kuwa picha yenye umbo thabiti husomeka hata ikiwa ndogo, na isiyo na umbo haisaidiwi na ukubwa. Nyingine nazigeuza juu chini. Uzito ulioelemea upande mmoja huonekana upesi jicho likisahau kwamba huu ni mlima.

Mwisho namkabidhi mtu asiyepanda milima, bila kumweleza chochote, nikamwomba aniambie anaona nini. Sharti ni kunyamaza. Mara tu unapoanza kusema, "Hapa tulikuwa...", umeanza kuisaidia picha, na picha inayohitaji kusaidiwa imeshajibu.

Ya kumi sikuwa nimeihesabu miongoni mwa bora. Niliiongeza dakika ya mwisho ili idadi itimie. Ilipigwa kambi ya Barafu jioni, kabla ya usiku wa kupanda kileleni. Kijana mmoja miongoni mwa wapagazi wetu ameinama kufunga kiatu, mzigo bado uko shingoni, jua la mwisho linapiga nusu ya uso wake na mikono yote miwili. Kiatu kimepasuka mbele, na soksi inachungulia. Kanuni zinasema mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, na uzito wote huo unaonekana katika mshipa mmoja wa shingo yake.

Mzee aliisukuma kuelekea kwangu. "Hii."

Niliporudi nyumbani nilizipitia upya picha zote 640. Wapagazi walikuwamo katika 41, na nyuso zao zilionekana katika tatu tu. Kwingine kote walikuwa nukta za rangi njiani, nyuma ya mimi na rafiki zangu. Kwa kipimo chochote ninachokijua, picha ya kiatu ndiyo bora niliyowahi kupiga mlimani. Mwanga wake ni wa kweli, haina mshazari, haihitaji kibao, na asiyejua lolote kuhusu Kilimanjaro anaielewa. Niliamua kuikuza na kuitundika ukutani.

Kabla ya kufanya hivyo nilimtafuta kijana mwenyewe, nikamwonesha. Aliishika kwa muda. "Kaka, ni nzuri," alisema, "lakini naomba usiitundike. Mama akikiona hiki kiatu hataniruhusu kurudi juu." Akaniuliza kama sikuwa na nyingine.

Nilikuwa nayo. Kwenye lango la Mweka alikuwa ameniomba nimpige picha, akasimama kikakamavu, mikono imeshuka ubavuni kama askari kwenye gwaride, kofia mpya kichwani, macho yamefinywa na jua la saa saba. Mwanga ni mkali, kivuli kimekata shingo, na nyuma yake kuna tairi la gari. Nisingeithubutu kumwonesha mpiga picha yeyote.

Nilimchapishia hiyo, kubwa, yenye fremu. Ile ya kiatu nilimpa ndogo, ndani ya bahasha, afanye nayo atakavyo. Mzee alichukua ile ya barafu na watu watatu, na aliniomba niandike mwaka nyuma yake kwa wino usiofutika.